Kimiminika cha ayoni kimekugomea? Dalili, visababishi na marekebisho

Kimiminika cha ayoni ni chumvi inayoyeyuka kwa joto dogo, mara nyingi ikiwa majimaji hata mezani. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari yuko maabara: chupa iko mezani, namba hazifanani na zile za jarida, na msimamizi anauliza kwa nini. Malalamiko yanayorudi ni yale yale. Kimeganda. Kimegoma kuganda. Mnato umeshuka. Kimegawanyika matabaka. Kimebadilika rangi. Washukiwa nao ni wale wale watatu, kwa mpangilio huu: maji, kloridi, na historia ya joto ya sampuli. Nadharia ni mshukiwa wa nne, ila wanafunzi wengi huanza naye.

Majina nitayafupisha. BMIM ni kationi (ayoni yenye chaji chanya) ya imidazoliamu yenye mkia wa butili upande mmoja na methili upande wa pili. EMIM ina ethili mahali pa butili, HMIM ina heksili. NTf2 ni anioni (ayoni yenye chaji hasi) kubwa ya bistriflimidi, PF6 ni heksaflorofosfeti, BF4 ni tetrafloroboreti, Cl ni kloridi.

Kuna jambo moja la thermodinamiki ambalo utalihitaji katika kila dalili. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, wakati ethilamonia nitrati aliyoieleza mkemia Paul Walden mwaka 1914 huyeyuka kwenye nyuzi 12. Kiwango cha kuyeyuka ni enthalpia ya kuyeyuka (joto linalohitajika kuivunja fuwele) ikigawanywa kwa entropia ya kuyeyuka (ongezeko la mvurugo). Ayoni kubwa, zisizo na ulinganifu, zenye mikia inayojipinda huku na huku, hupangika vibaya kwenye fuwele, kwa hiyo enthalpia inashuka. Na zikishaachiwa huwa na namna nyingi za kukaa, kwa hiyo entropia inapanda. Hapo ndipo chumvi inakuwa majimaji mezani kwako. Lakini hapo hapo ndipo tatizo linapozaliwa: tofauti ya nishati huru (mizani ya hizo mbili, enthalpia na entropia) kati ya fuwele na majimaji, au kati ya tabaka moja na mawili, ni ndogo sana, na uchafu kidogo unatosha kuigeuza.

"Kidogo" hapa kinadanganya. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, BMIM-NTf2 ina 419. Asilimia 1 ya maji kwa uzito ni takriban asilimia 19 kwa hesabu ya mole. Yaani katika kila vitu vitano vilivyomo ndani ya chupa uliyoiandika "kavu, 99%", kimoja ni maji. Ukiacha kufikiri kwa gramu na kuanza kufikiri kwa mole, nusu ya mafumbo yaliyo hapa chini yanajifumbua yenyewe.

Kabla ya dalili yoyote: pima vitu vitatu

Maji kwanza. Kifaa sahihi ni Karl Fischer cha aina ya kulometri. Vuta sampuli kwa bomba la sindano lililokaushwa, pima bomba kabla na baada ya kudunga, rudia mpaka namba zikubaliane. Kama idara yako haina kifaa hicho, weka sampuli kwenye vakyumu kwa nyuzi 60 hadi 70 huku ikikorogwa, uipime uzito kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito utulie. Njia hiyo haikupi kiwango cha maji; inakuambia tu kwamba pampu yako imefika mwisho wa uwezo wake. Kloridi na aseteti hunyonya unyevu mbele ya macho yako. Ukiacha BMIM-Cl wazi juu ya mizani huko Tanga au Mombasa, tarakimu za mwisho zinapanda wakati unatafuta kalamu.

Kloridi inafuata. Yeyusha tone la sampuli kwenye maji yenye asidi ya nitriki kidogo, ongeza nitrati ya fedha. Weupe ukitokea, kuna kloridi au bromidi iliyobaki kutoka kwenye usanisi. Kama kimiminika chako hakichanganyiki na maji, kitikise na maji safi, acha yatengane, kisha pima yale maji. Maji yakibaki angavu usishangilie sana: kipimo hiki hakioni kiasi kidogo. Kwa kazi ya kuchapisha unahitaji kromatografia ya ayoni.

Tatu ni kipimajoto. Kikague kwa mchanganyiko wa barafu na maji, si kwa maji yanayochemka. Nairobi iko juu kiasi kwamba maji huchemka karibu na nyuzi 94, na nimeona kipimajoto kizima kikitupwa kwa sababu "kimekataa kufika 100".

Dalili: kiwango cha kuyeyuka hakifanani na kilichoandikwa

Malalamiko ya kawaida ni BMIM-Cl. Jarida linasema huyeyuka karibu na nyuzi 70, lingine linasema 41, na chupa yako imebaki majimaji mazito kwa wiki nzima kwenye chumba cha nyuzi 28.

Kisababishi cha kwanza ni maji. Yanashusha kiwango cha kuyeyuka kama uchafu wowote ufanyavyo, na yanaharibu mpangilio wa ayoni kiasi kwamba fuwele haianzi. Kausha, kisha subiri.

Cha pili ni sampuli kubaki majimaji chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. Hii si kasoro. Ni tabia ya familia nzima. Ayoni zenye mikia mirefu huchelewa kujipanga, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo mnato unavyozizuia zaidi. Tumbukiza punje ya fuwele kutoka kwa mwenzako mwenye chumvi ile ile, au kwaruza ukuta wa chupa kwa fimbo ya kioo. Mara nyingi chupa nzima huganda ndani ya saa chache.

Cha tatu, BMIM-Cl ina fuwele za aina mbili. Zote ni halali na zote ni safi, lakini hazilingani kwa kiwango cha kuyeyuka. Ukiona vilele viwili kwenye kalorimita ya DSC (kifaa kinachopima joto linaloingia au kutoka kwenye sampuli ikipashwa au kupozwa), usikimbilie kusema una mchanganyiko.

Ukiingia kwenye DSC kuna mitego yake. BMIM-BF4, kwa mfano, mara nyingi haionyeshi kuyeyuka kabisa: mstari unapiga ngazi moja tu karibu na nyuzi 85 chini ya sifuri, halafu kimya. Ngazi hiyo ni mpito wa kioo. Sampuli ilikakamaa bila kujipanga kuwa fuwele. Nyingine hukakamaa zikipozwa, kisha zikipashwa hutoa joto ghafla kwa kujipanga njiani, halafu ndipo huyeyuka. Mtu asiyejua huona kilele cha kutoa joto na kuandika kuwa sampuli imeoza. Poza polepole, kwa nyuzi 1 au 2 kwa dakika, shikilia joto mahali fulani juu ya mpito wa kioo kwa saa moja, pasha tena. Na siku zote andika kiwango cha kuyeyuka ulichokipata wakati wa kupasha. Joto la kuganda wakati wa kupoza linakueleza bahati ya fuwele ya kwanza na halina cha kukueleza kuhusu usawa wa thermodinamiki.

Kilele kipana chenye bega upande wa kushoto ni dalili ya uchafu unaoyeyuka mapema pamoja na sehemu ya sampuli. Rudi kwenye nitrati ya fedha.

Simama na umwite fundi wa kifaa kama kikombe cha alumini kimevuja ndani ya tanuri ya DSC, au kama mstari wa msingi umeanza kupanda baada ya sampuli yenye florini. Usipashe tanuri hadi nyuzi 500 "ili kuichoma". Kihisio ndicho kitakachoharibika.

Dalili: mnato umeshuka au umepanda kupita kiasi

Kwa kulinganisha: BMIM-NTf2 kavu ina takriban milipaskali-sekunde 50 kwenye nyuzi 25, HMIM-NTf2 karibu 70, BMIM-PF6 karibu 270. HMIM-NTf2 ndiyo iliyochaguliwa na IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, kuwa sampuli rejea ya kimataifa, kwa hiyo kabla hujalaumu chumvi yako mpya, pima hiyo kwenye kifaa chako kwanza. Ikitoka 70, kifaa ni kizima.

Mnato ukiwa chini mno: maji, kisha joto la chumba, kisha mabaki ya kiyeyushi ulichotumia kusafishia. Mnato hushuka kwa takriban asilimia 4 hadi 6 kwa kila nyuzi moja karibu na joto la chumba, hivyo kipimo kilichofanywa bila bafu la maji katika chumba cha Dar es Salaam hakiwezi kulinganishwa na cha nyuzi 25. Mabaki ya asetonitrili au ethili aseteti huonekana vizuri kwenye NMR ya protoni (spektroskopia inayotambua molekuli kwa hidrojeni zake). Unaweza kuyatoa kwa kurudia vakyumu.

Mnato ukiwa juu mno: kloridi, karibu kila mara. Inashikana kwa nguvu na hidrojeni zilizo kwenye pete ya imidazoliamu na kufunga mwendo wa majirani. Jambo hili lilionyeshwa wazi mwaka 2000 na kundi la mkemia Kenneth Seddon, waliothibitisha pia upande wa pili: maji na viyeyushi hushusha mnato, kloridi huupandisha. Maana yake sampuli iliyolowa na yenye kloridi inaweza kukupa namba "sahihi" kwa makosa mawili yanayofutana. Usiridhike na mnato peke yake.

Visababishi adimu ni viputo vya hewa ndani ya kapilari, na kapilari isiyofaa kwa kiwango hicho cha mnato. Na mchoro wa logi ya mnato dhidi ya kinyume cha joto ukipinda badala ya kunyooka, hakuna kilichoharibika. Vimiminika hivi hufuata mlinganyo wa Vogel, Fulcher na Tammann, si ule wa Arrhenius unaotoa mstari mnyoofu.

Dalili: tabaka moja limekuwa mawili, au mawili yamekuwa moja

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na joto, hata kabla ya maji. BMIM-BF4 na maji huchanganyika kabisa kwenye joto la chumba, lakini mchanganyiko wa karibu nusu kwa nusu kwa uzito hugawanyika karibu na nyuzi 4 au 5. Friji ya maabara iko nyuzi 4. Mtu anahifadhi mchanganyiko wake jioni ukiwa angavu, asubuhi anakuta ukungu au matabaka, anamwaga. Hakukuwa na haja. Ungeuacha mezani robo saa ungerudi. Betaini iliyotiwa protoni pamoja na NTf2 ina tabia hiyo hiyo kwenye nyuzi 55: chini ya hapo matabaka mawili na maji, juu ya hapo moja.

Zipo zinazokwenda kinyume. Tetrabutilfosfoniamu trifloroaseteti na maji ni tabaka moja kwenye baridi, na hugawanyika karibu na nyuzi 30. Chini ya kiyoyozi utaiona angavu. Kiyoyozi kikizimwa mchana wa Februari pwani, mchanganyiko ule ule unakuwa mweupe. Hakuna aliyeugusa. Sababu ni kwamba maji hushikana na anioni kwa mpangilio maalumu, jambo linaloleta faida ya enthalpia lakini linagharimu entropia. Joto likipanda, gharama inazidi faida, maji yanajitoa. Katika zile za aina ya kwanza ni enthalpia inayotaka kutengana, na joto linasaidia kuchanganya. Ukijua mchanganyiko wako uko upande gani, unajua kama dawa ni kupasha au kupoza.

Baada ya joto, angalia chumvi nyingine iliyomo. Fosfeti ya potasiamu ikiongezwa kwenye BMIM-Cl iliyoyeyuka kwenye maji hutoa matabaka mawili, yote yenye maji. Kundi la mkemia Robin Rogers lilitangaza hilo mwaka 2003 na sasa ni njia ya kawaida ya kutenganisha vitu. Bahati mbaya ni kwamba hutokea pia bila kukusudia, pale unapoosha kwa mmumunyo mzito wa chumvi na kuondoka na tabaka lisilo lako.

Tatu ni matabaka kugeuka. Watu hukariri kwamba "kimiminika cha ayoni hukaa chini". BMIM-NTf2 hukaa chini kweli, ina gramu 1.44 kwa mililita. Lakini triheksiltetradesilfosfoniamu kloridi ina karibu 0.89 na huelea, na ile ya NTf2 yenye kationi hiyo hiyo ina karibu 1.07, hivyo hutengana na maji kwa uvivu, na maji yakiwa na chumvi nyingi hupinduka kabisa. Usikisie. Dondosha tone la maji kutoka juu na uangalie linaishia tabaka lipi.

Nne ni ukungu usiotulia. Kationi zenye mkia wa oktili kwenda juu hufanya kazi ya sabuni. Ndani ya kimiminika chenyewe mikia hujikusanya visiwa visivyo na chaji katikati ya mtandao wa ayoni, na kwenye mpaka wa maji hufanya hivyo hivyo na kushikilia matone. Tikisa kwa upole badala ya nguvu, pasha kidogo, tumia sentrifuji. Mkia ukifika kaboni 12 au zaidi, unaweza hata kuwa na fuwele za majimaji. Ukungu mzito unaong'aa chini ya hadubini yenye poleraiza zilizokingamana si uchafu.

Mwisho, kama joto la kuanza ukungu unalolipata ukipoza halifanani na ukipasha, unakwenda haraka. Karibu na mpaka wa matabaka badilisha joto kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, koroga, ngoja. Tofauti ikibaki hata hivyo, pima maji tena: sampuli ilinyonya unyevu wakati wa majaribio.

Dalili: rangi na harufu

Njano hafifu haimaanishi mengi. Chumvi safi za imidazoliamu hazina rangi, ila rangi hutokana na chembe chache sana za uchafu, kwa kawaida kwa sababu ulipasha kupita kiasi wakati wa usanisi au hukunereka methilimidazoli kabla ya kuitumia. Kwa vipimo vya mnato au matabaka, njano haidhuru. Kwa spektroskopia inadhuru. Mkaa amilifu na alumina huondoa rangi, lakini vinaweza kuacha chembe ndogo ndani ya sampuli zitakazovuruga kuganda kwake. Mimi ningesafisha malighafi na kurudia usanisi kwa joto la chini kuliko kumwaga bidhaa kwenye safu ya alumina.

Harufu ya shombo ni methilimidazoli au amini iliyobaki. Osha kwa ethili aseteti, kausha, hakiki kwa NMR.

Harufu kali inayochoma, au kioo cha chupa kilichofifia na kukwaruzika kwa ndani, hasa kwa PF6 na kwa kiasi fulani BF4, ni jambo jingine kabisa. Simama hapo hapo. Anioni imevunjwa na maji na kutoa hidrojeni floridi. Usinuse kuhakikisha, usiioshe kwenye sinki, usijaribu kuizimua mwenyewe. Funga dirisha la kabati la kufyonza hewa, ondoka, mwite afisa usalama wa maabara. Ikimgusa mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja, apakwe jeli ya kalisi glukoneti, apelekwe hospitali hata kama hasikii maumivu, kwa sababu asidi hii hupenya ngozi na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Maabara isiyo na jeli hiyo isitumie PF6. Kinga yenyewe ni rahisi: usikaushe PF6 au BF4 yenye maji mengi kwa joto kali. Tenga maji kwanza, kisha vakyumu kwa joto dogo. Au hamia NTf2.

Dalili: uzito unaendelea kupungua kwenye vakyumu

Maji na kiyeyushi hutoka siku ya kwanza au ya pili. Uzito ukiendelea baada ya hapo, kagua mfuniko na mafuta ya viungo vya kioo, kisha ujiulize chumvi yako ni ya aina gani. Zile zilizotengenezwa kwa asidi na besi, kama ethilamonia nitrati, hurudisha protoni na kuondoka zikiwa molekuli mbili zisizo na chaji. Aseteti hupoteza asidi ya siki. BMIM-Cl ikipashwa sana hutoa klorobutani na methilimidazoli, yaani usanisi ukirudi nyuma.

Mara nyingi mtu hujitetea kwa mchoro wa TGA (uzito wa sampuli dhidi ya joto inapopashwa) unaosema sampuli ni imara hadi nyuzi 400. Mchoro huo ulipashwa kwa nyuzi 10 kwa dakika. Sampuli haikupewa muda wa kuoza. Kwa kazi ya siku nzima, ishikilie kwenye joto moja kwa saa nyingi na uone. Na msemo kwamba vimiminika hivi havina mvuke kabisa ulishakanushwa mwaka 2006, pale watafiti walipochapisha kwenye jarida la Nature kuwa waliinereka baadhi yake kwa nyuzi 200 hadi 300 chini ya vakyumu. Mvuke upo, ni mdogo tu.

Tatizo la huku kwetu ni umeme kukatika pampu ikiwa kazini: mafuta ya pampu hurudi nyuma na kuingia kwenye sampuli. Weka vali ya kujifunga au mtego kati ya pampu na chupa. Bila hivyo, usiache pampu usiku kucha.

Simama: nitrati, perkloreti, azidi na disianamidi zisikaushwe kwa joto bila mtu mzoefu kusimamia. Nyingine kati ya hizi hulipuka.

Dalili: kolini kloridi na urea hazitaki kuwa angavu

Wapo watakaosema huu si mchanganyiko wa ayoni tupu, na ni kweli, lakini matatizo yake ni ndugu moja na ni rahisi kuupata. Mole 1 ya kolini kloridi (gramu 139.6) kwa mole 2 za urea (gramu 120.1), korogwa kwenye nyuzi 80. Kolini kloridi peke yake huhitaji nyuzi 302, urea 133. Kwa pamoja huyeyuka kwenye 12.

Ikibaki mawingu, kisababishi cha kwanza ni uzito usio sahihi kwa sababu kolini kloridi ilishanyonya maji. Ikaushe kabla ya kupima. Cha pili ni chanzo chenyewe: kolini kloridi ya chakula cha kuku mara nyingi imepakwa juu ya silika au magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na hayo hayatayeyuka hata ukoroge mwezi mzima. Yeyusha kwa ethanoli, chuja, rudisha fuwele. Ukisikia harufu ya amonia, umepasha mno na urea inavunjika. Mwaga, anza upya.

Dalili: programu inasema matabaka mawili, chupa inaonyesha moja

Kagua kwanza mhimili. Mchoro wa jaribio uko kwa uzito, wa programu kwa mole, na kwa jozi ya 419 na 18 tofauti si ya mapambo.

Kisha angalia programu inahesabuje ayoni. COSMO-RS, programu inayotabiri michanganyiko kutokana na umbo na chaji za molekuli, huchukulia kationi na anioni kama vitu viwili. Mchanganyiko ambao kwake ni 0.25, 0.25 na maji 0.5, kwako ni theluthi moja ya chumvi na theluthi mbili za maji. Koefishenti ya utendaji ya maji nayo lazima izidishwe kwa 0.5 na kugawanywa kwa 0.667. Asiyefanya hivyo hulaumu nadharia kwa kosa la robo nzima ambalo ni lake. Ukisharekebisha, bado usitarajie joto la kutengana kulingana na jaribio nyuzi kwa nyuzi; mwelekeo wa familia ndio unaoaminika.

Ukitumia NRTL, mlinganyo wa koefishenti za utendaji ambao vigezo vyake hulinganishwa na data, jozi zaidi ya moja ya vigezo zinaweza kupita kwenye data zile zile. Anza kutoka sehemu tofauti, kisha jaribu uthabiti kwa mstari mguso wa nishati huru ya Gibbs. Jozi nyingine huona tabaka la tatu lisilokuwepo.

Kwenye simulizi za molekuli, lalamiko ni ayoni kutembea polepole mara kumi kuliko kwenye jaribio. Chaji kamili za +1 na −1 zisizobadilika huzishikanisha mno. Wengi huzishusha hadi karibu 0.8, au hutumia modeli ambayo chaji hujisogeza kufuata majirani, ambayo ni ghali lakini ya kweli zaidi. Kabla ya hapo hakikisha sampuli yako ya kompyuta imetulia: ianzishe kwenye kelvini 500, ishushe taratibu, na usitoe koefishenti ya msambao mpaka mchoro wa logi kwa logi wa mraba wa umbali dhidi ya muda ufike mwinamo wa 1. Kwenye vimiminika vizito hilo huchukua nanosekunde nyingi.

Ukishindwa na kuamua kutuma sampuli kwa mtaalamu wa NMR au wa DSC, iweke kwenye chupa ya kioo iliyokaushwa na kujazwa nitrojeni au argoni. Kama ni PF6, tumia ya plastiki. Kwenye lebo andika kiasi cha maji kwa sehemu kwa milioni, tarehe ya kipimo hicho, matokeo ya nitrati ya fedha, joto la juu kabisa ambalo sampuli imewahi kupitishwa na kwa muda gani, na anioni kwa jina kamili ili anayeifungua ajue kama avae glovu za kawaida au za asidi ya floridi.